Simu ya Pili Mkobani

Mwanangu Maryam,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi, na pole utanipa wewe, maana magoti yananiuma tangu asubuhi kwa kupanda na kushuka ngazi na masanduku yako. Sasa hivi wewe na mjomba wako mko Qurayyat, nje ya Maskati, kumuaga bibi, na mama yangu namjua, hatakuachieni mpaka mmekula mara mbili na kufungiwa kitu cha njiani. Nyumba ni yangu mpaka magharibi. Nimejitilia chai, nimekaa kwenye meza ya jikoni, na karatasi hizi nimezichomoa kwenye daftari lako la hesabu la zamani, lile ulilolijaza maua badala ya hesabu.

Kuhusu baridi ya Welisi sitakwambia kitu. Wewe umekulia kule, na mimi ndiye niliyekuwa nikilala na soksi jozi tatu. Sala, nyama, dawa ya pumu, kumpigia baba yako akupokee, yote nimeshayasema mpaka siku hizi unayasema wewe kabla yangu, kwa sauti yangu, huku umeshika kiuno kama ninavyoshika mimi. Unaniiga vizuri mno, binti usiye na adabu.

Ninalotaka kukwambia ni jengine, na sijapata kulisema kwa mtu. Linahusu Thuwaiba na ile video. Kesho saa mbili asubuhi unapanda ndege, na unaondoka ukiwa umemkata rafiki yako wa pekee, humpokei simu, jina lake halitajwi humu ndani. Unaamini alikuuza. Mimi nimekuacha uamini hivyo miezi kumi na minne.

Video ile niliipiga mimi.

Soma tena kama hukuamini, nitakungoja. Si Thuwaiba. Mimi, mamako, kwa mkono wangu wa kulia.

Sasa niache nianzie mbali kidogo. Si kwa kujitetea, ingawa unanijua, na kujitetea hakutakosa kuwemo.

Ulikuwa na miaka kumi ulipopanda jukwaani kwenye mashindano ya watoto katika mji wa baba yako. Uliimba Kiwelisi, wimbo wa mchungaji anayetafuta kondoo, na ulivaa mtandio wa samawati niliokununulia mimi. Wazee wa kule walilia. Mimi sikufahamu hata neno moja na nililia kuliko wao. Jumatatu yake ulikuwa umeenea nchi nzima, mtoto wa Kiislamu anayeimba Kiwelisi kama aliyezaliwa nacho, na kwa kweli ulizaliwa nacho. Walitujia na keki. Baba yako akawa anasimamishwa barabarani kupewa mkono. Wengine wakaandika mambo ya kutuambia turudi kwetu, na baba yako, ambaye kwao ndiko kule kule, akawa anayasoma kwa sauti mezani na kucheka mpaka mimi namwambia yaache.

Halafu wakaja wale watu wa televisheni. Unakumbuka sebuleni kwetu, mataa yao, yule bwana aliyekaa kwenye kiti cha bibi yako wa Kiwelisi. Alikuuliza kwa upole kabisa nani aliyekutaka uvae ule mtandio. Ukafungua mdomo. Na mimi, niliyekuwa nimesimama pembeni nikiambiwa nisitikisike, nikaruka katikati ya picha nikamjibu kwamba ni khiari yako, hakuna anayekulazimisha, dini yetu haina hivyo. Nilisema dakika nzima. Wewe ukafunga mdomo wako ukanitazama.

Ndani ya gari nikakuuliza, "Wewe ulitaka kumjibu nini?"

"Nlitaka kumwambia masikio yangu yanapata baridi," ukasema.

Baba yako ilibidi asimamishe gari kwa kucheka. Lakini kesho yake magazeti yaliandika kuhusu mama anayemsemea mtoto, mtoto asiyeruhusiwa kujibu swali lake mwenyewe. Nilikasirika, nikasema wana chuki. Wengine walikuwa nayo. Ila lile moja walilisema kweli, na ndilo lililoniuma. Jibu lako la masikio lingewanyamazisha wote, na mimi nililikanyaga.

Hapo nikafanya kosa jengine ambalo pia hulijui vizuri. Nilikwambia tunarudi Maskati kwa sababu bibi anaumwa. Bibi alikuwa na mafua. Nilirudi kwa sababu nilichoka kuona watu wanakutazama, na badala ya kumwambia baba yako nimechoka, nikamwambia mama anaumwa. Akasema atatufuata. Alitufuata mara mbili, kwa likizo, na mara ya tatu tukaachana kwa wema, tukatoka kwa kadhi tukaenda kunywa chai pamoja, watu wakidhani tumetoka kuoana. Ni mtu mzuri baba yako. Ukikaa naye huko usimuulize kwa nini hakuja. Niulize mimi kwa nini niliondoka.

Ulifika huku na miaka kumi na mmoja, na Kiswahili cha jikoni, na Kiarabu cha kusomea Kurani tu. Siku ya kwanza shuleni mwalimu alikuuliza jina la baba yako, ukasema Huw, wakasikia huwa, 'yeye' kwa Kiarabu, darasa zima likacheka. Ulirudi nyumbani ukaingia chini ya kitanda. Siku ya pili ukarudi na kitoto cha kizazi chetu, watu wa mtaa wa Hail, wazee wake wametoka Unguja mwaka mmoja na babu yako, kimevaa miwani mikubwa na kusema bila ya kupumua. Kilisimama mlangoni pangu kikaniita mama mdogo kwa Kiarabu, "Khalati, mimi Thuwaiba. Maryam hajui kitu, lakini mimi ntakaa naye." Na alikaa. Miaka minane alikaa. Alikufundisha Kiarabu cha mitaani na matusi yake, nilikuwa nikiyasikia kupitia ukutani. Aliposikia mara ya kwanza unaimba, alikuja jikoni akanilaumu, kwa nini sikumwambia.

Sasa tufike kwenye harusi ya dada yake.

Unajua zilivyo harusi zetu za wanawake, lakini niache niseme, maana nataka uione nilivyoiona mimi. Pale mlangoni kwenye ukumbi amesimama Thuwaiba na karatasi ya stika nyekundu. Kila mwanamke anatoa simu yake, inabandikwa stika mbele na nyuma, kamera zote zimezibwa, ndipo anaingia kuvua abaya na kuwa mtu mwengine. Humo ndani kila mtu ameachia nywele na mabega, bibi wa miaka sabini anacheza, na hakuna anayeogopa, kwa sababu ya zile stika. Ni amana. Simu iliyo wazi ilikuwa moja tu, ya Thuwaiba mwenyewe, ya kumpigia picha dada yake.

Nilipofika nikampa simu yangu, akaibandika vizuri. Akautazama mkoba wangu. Nikaona ameona haya. Msichana gani atampekua mama wa rafiki yake, mwanamke aliyemlisha miaka minane? Akanibusu mkono akasema, "Pita, khalati, wewe mwenye harusi."

Mkobani mlikuwa na simu ya pili, ile ya zamu ya hospitali. Wallahi sikuiingiza kwa ubaya. Mfamasia wa zamu haachi simu yake. Niliisahau kabisa mpaka ulipopanda jukwaani.

Ulivaa gauni la kijani. Nywele zako, ambazo hakuna aliyeziona nje ya nyumba hii tangu una miaka kumi na mbili, ulikuwa umeziachia zote, nyekundu za baba yako, mpaka kiunoni. Ukaanza na nyimbo za kumtoa bibi harusi, za kwetu, na wanawake wakaitikia. Halafu katikati, bila ya kusimama, ukaingia kwenye Kiwelisi, kwa mahadhi yale yale, na ngoma zikakufuata kama zimekizoea. Ukumbi ukanyamaza. Yule bibi wa miaka sabini alikaa chini pale pale alipokuwa. Na mimi mkono ukaingia mkobani.

Nakwambia kweli yake, Maryam. Sikupiga kwa ajili ya kumbukumbu. Nilipiga kwa ajili ya Zuwena.

Mimi na dada yangu tumeshindana tangu tuna meno ya utoto. Nani mweupe, nani amehitimu mwanzo, wa nani pilau yake haishikani. Tulipozeeka tukaanza kushindana kwa watoto. Mwezi ule binti yake alikuwa amemaliza udaktari, na Zuwena kule Unguja alinitumia picha za lile joho wiki mbili mfululizo, za mbele, za nyuma, za kukaa. Nikawa nasema mashaallah, mashaallah, na huku roho inanichoma. Kwa hiyo usiku wa harusi, nikiwa bado ukumbini, nilimtumia video ile. Nikamwandikia, "Na wangu huyu." Maneno matatu. Chini yake nikaongeza asimpe mtu.

Zuwena anasema alimpa mtu mmoja tu. Huyo mmoja naye alimpa mmoja tu. Siku ya tatu ilikuwa kila mahali.

Yaliyofuata unayajua, uliyabeba wewe. Huku wakakuita mnafiki, mchana mtandio na usiku jukwaani, na hakuna aliyeuliza palikuwa mahali gani na kina nani walikuwemo. Posa iliyokuwa inakuja ikaishia njiani, na hilo tu nakiri halikuniuma sana, yule kijana hakupata kukufanya ucheke hata siku moja. Kule Welisi wakakumbuka ule mtandio wa samawati, wakaandika kwamba yule mtoto sasa amekuwa huru, amevunja minyororo, na wakaweka picha mbili, ya utoto na ya harusini, kama mtu aliyetibiwa. Walimfuata baba yako mpaka mlangoni, akawafungia. Hawa wakakutukana na wale wakakupigia makofi, kwa jambo ambalo hukulifanya. Ulikuwa umeimba kwenye harusi ya wanawake, basi. Nakukumbuka umekaa sakafuni na simu, unasoma, ukaniambia wale wanaokusifu wanakuumiza zaidi. Nilikuelewa. Nilikuwa nimekaa nyuma yako.

Siku ile jioni ulisimama hapa, karibu na jiko. Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati. Ukasema, "Ni Thuwaiba tu, mama. Nani mwengine alikuwa na simu wazi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Na mimi nikasema, "Mungu ndiye ajuaye."

Nimesema uongo mwingi mdogo mdogo maishani, wa umri, wa uzito, wa kwamba nimeshafika na bado nimo njiani. Lakini ule haukuwa uongo hata kidogo, na ndio ulionitisha. Mungu alijua kweli. Nilimtanguliza Yeye nikajificha nyuma yake, nikaendelea kukanda. Chapati zile ulizila na ukazisifu.

Wiki ile ukaandika mtandaoni kwamba umesalitiwa na mtu uliyempenda kama dada. Hukumtaja, lakini nani asiyejua? Wakamvamia yeye. Msichana wa miaka kumi na tisa, amezoea kusema bila ya kupumua, akanyamaza. Dada yake alipojifungua hakumwita kwenye arubaini ya mtoto. Watu walimtoa kwenye harusi zao, nani atamuweka tena mlangoni? Hakuandika neno la kujitetea. Wewe ukaniambia, unaona, mwenye hatia hasemi. Nikaitikia kwa kichwa.

Alikuja hapa mara moja, hujui. Ulikuwa chumbani. Alisimama nje na sahani ya mkate wa kumimina imefunikwa kitambaa. Nikamwambia umelala, saa kumi na moja za jioni. Alinitazama kwa ile miwani yake kwa muda, nikafikiri atanigombeza. Akasema, "Basi msalimie, khalati," akanipa sahani. Mkate ule nilikwambia nimenunua.

Kazini kwetu ukikosea dawa, hata kama mgonjwa hakuimeza, unaandika karatasi siku ile ile. Jina lako, saa, ulichokosea. Wanafunzi wangu wapya wanaogopa karatasi ile, na mimi ndiye ninayewafundisha. Nawaambia andika tu, hakuna atakayekutafuna, ukificha ndipo mtu atakapodhurika. Nimeisema hotuba hiyo mwaka huu mara tatu, nimevaa koti jeupe, na nikirudi nyumbani nakuona umekaa dirishani huimbi.

Maana uliacha kuimba. Miezi saba. Popote tulipoishi palikuwa na sauti yako tangu hujui kutembea, na miezi saba nikawa nasikia friji. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu na nikaiona inatosha. Mtu mwenye kosa hujichagulia adhabu anayoiweza.

Halafu kuna ile Ijumaa tuliyokwenda Qantab kununua samaki. Tulirudi, ukawa unaosha wale changu kwenye sinki, maji yanatiririka, na ukaanza kuimba kwa pua, polepole, ule ule wimbo wa kondoo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo na mfuko wa mchele. Na mkono wangu, nakuapia, mkono huu huu, uliingia mfukoni kutafuta simu. Niliushika kwa mkono wa pili. Nikakaa juu ya gunia nikalia kwa sababu umerudi, na kwa sababu mimi sikuwa nimejifunza kitu.

Kutoka hapo ndipo nilipoanza kufahamu ugonjwa wangu. Mimi sina sauti, unajua, nikiimba kunguru wanahama. Lakini nilitaka kupigiwa makofi, na nilikuwa nayapata kwako. Nilipomrukia yule bwana wa televisheni na nilipomtumia Zuwena video ile, nilikuwa mtu yule yule, mama anayetaka aonekane. Nilikuwa nadhani nakulinda na nilikuwa nakuonyesha. Naogopa sijui tofauti zake mpaka leo, ndiyo maana huu mkataba wako wa Welisi sikuuliza kitu. Wanakutaka uimbe Kiwelisi na Kiswahili, vizuri. Watakupiga picha vipi, kichwani utavaa nini, siulizi. Watakuuliza wao, kule na huku, maisha yako yote watakuuliza. Jibu jibu lako, hata likiwa la kijinga, hata likiwa la baridi. Na ukiona mtu anayekupenda anaruka kukusemea, mkanyage mguu. Ukianzia kwangu sitasema kitu.

Nimesimama kidogo kuandika. Chai imepoa, nimeimwaga.

Niseme kwa nini nimesimama. Nilipofika hapo juu niliona nakuomba radhi wewe, na nakuomba uende kwa Thuwaiba ukamuombe radhi, na mimi mwenyewe sijamuomba. Nimekutuma dukani kwa deni langu. Nikaona haya hata mbele ya karatasi. Nikachukua simu nikampigia. Nimemaliza kusema naye sasa hivi.

Alipokea papo hapo. Nikamwambia, "Thuwaiba, mwanangu, nina neno. Ile video nliipiga mimi."

Akasema, "Nnajua, khalati."

Nikafikiri hakunisikia. Nikarudia.

"Nnajua," akasema. "Nlikuwa nyuma yako. Nlikuja kukuletea juisi, nkakuona na ile simu nyengine. Nkasema muache mama afurahi kidogo, atatazama mwenyewe nyumbani. Mimi nna kosa langu pia, stika zilikuwa mkononi."

Tangu siku ya kwanza, Maryam. Alijua siku ulipomuandika mtandaoni. Alijua aliposimama mlangoni na ile sahani nami nikamwambia umelala. Neno lake moja tu lingemtoa kwenye matusi yote, dada yake angemwita, wewe ungemrudia siku ile ile. Nikamuuliza kwa sauti, nusura nimgombeze, kwa nini hakusema.

"Maryam babake yuko mbali," akasema. "Watu wote walikuwa wanamtukana. Usiku alikuwa akilala na wewe, akila kwa mkono wako. Mimi nkimwambia ni mamako, atakwenda kwa nani? Nlisema akose rafiki, basi. Rafiki atapata mwengine."

Nilikuwa nimeshika meza. Akaniuliza kama nimekaa, kama nina maji karibu. Ananiuliza mimi.

Mwanangu, nina miaka hamsini na mbili. Nimekubeba, nimekunyonyesha, nimevuka nchi kwa ajili yako, na siku zote nilijua hakuna anayekupenda kuliko mimi. Leo nimejua yupo. Mwaka mzima amelipa kwa ajili yako, na hakutaka hata ujue. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, ya kusema sentensi moja, na sikuiweza.

Nilikusudia kuitia barua hii ndani ya sanduku, chini kabisa ya masweta, uikute Welisi, unikasirikie kwa mbali. Huo nao ulikuwa ujanja wangu. Sitaitia. Nitakupa mkononi ukishuka tu garini, kabla hujavua viatu, na nitasimama hapo hapo mpaka uimalize. Sema utakalo, na kwa sauti utakayo. Kama utataka kunyamaza, nyamaza, hilo pia haki yako. Sikuombi unisamehe kabla ya ndege. Mambo haya hayana saa.

Ila nataka ujue hili. Usiku wako wa mwisho nyumbani nilikuwa nimeupanga uwe wangu. Nimenunua kamba wakubwa, nimetandika kitanda changu mashuka mapya nikisema leo atalala na mimi kama zamani, nimpapase nywele mpaka asinzie. Nimeusubiri usiku huu tangu ulipopata ile barua ya mkataba.

Thuwaiba amesema yuko nyumbani, hatatoka. Kamba nimewatia kwenye bakuli lenye kifuniko, wako mezani. Funguo za gari ziko juu yake. Beba nguo zako za kusafiria, ukalale Hail. Asubuhi nitakuja na masanduku kwa gari la mjomba wako moja kwa moja uwanjani, nitakukuta huko na yeye, na nitasimama nyuma yenu.

Mwaka na zaidi nimemnyima wewe. Usiku huu ni wake.

Mamako